Kitambaa Nilichowafutia Watoto

Mwaya, kaskazini ya ziwa Nyasa
Jumapili ya pili baada ya Pasaka

Kwa mama yangu nimpendaye,

Shikamoo mama. Kabla ya neno lolote napiga magoti mbele yako kama ningekuwa hapo barazani. Hujambo? Kile kifua kinachokubana wakati wa mvua kimelegea? Na baba anaamkaje, bado anakataa kuvaa viatu alivyoletewa? Mimi mwili wangu ni mzima. Homa ilinishika mara mbili tangu Krismasi na mara zote mbili iliniacha. Mvua ya huku haina mapumziko, maji yanasimama mpaka mlangoni, na mtu akienda kanisani hubeba nguo zake kichwani.

Kaka Danieli, wewe unayemsomea mama, naomba uisome barua hii kama ilivyoandikwa. Najua huwa unaruka mahali unapoona patamhuzunisha, halafu unakohoa. Safari hii usiruke, wala usikohoe.

Mama, jambo la kwanza ni la haraka. Katika barua yangu ya kabla ya Krismasi nilikusimulia jinsi ninavyowafuta watoto nyuso kila asubuhi kwa kitambaa cheupe, nikamsihi wifi afanye vivyo hivyo kwa watoto wanaoachwa kwake wakati wa mavuno. Mwambie aache leo, kabla hamjamaliza kusoma. Kila mtoto afutwe kwa kitu chake mwenyewe, na wifi anawe mikono kila anapotoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Asichovye mkono katika bakuli la wote, amwagiwe maji. Baada ya hapo rudini mkae, niwaeleze kwa nini.

Unakumbuka, mama, kipande cha nguo ya marekani ulichonipa siku nilipoondoka, ukakipinda pindo kwa uzi mwekundu. Nilipofika hapa na kukabidhiwa nyumba ya watoto, nilikifanya kuwa kitambaa cha nyuso. Nyumba yenyewe ni ya mianzi iliyokandikwa udongo, karibu na kanisa. Watatu waliofiwa na mama zao hulala humo siku zote, na wengine huletwa asubuhi na mama zao wanaokuja kwenye mafundisho ya ubatizo na ushoni, huchukuliwa jua likiwa utosini. Wote pamoja walikuwa kumi na wanane. Sista wa Kidachi aliye mkubwa wetu amepanda milimani tangu mvua zianze, kwa sababu ya homa, kwa hiyo nyumba iko mikononi mwangu na mwa bibi mmoja mjane wa hapa, jina lake Kipesile.

Nikueleze kazi ya Kipesile ilivyokuwa kabla yangu. Asubuhi hukata jani changa la mgomba, hulipitisha juu ya moto mpaka likalainika kama nguo, akalichana vipande. Kila mtoto kipande chake. Akishamfuta macho na pua, kipande hutupwa chini ya mgomba, hakirudi tena. Mimi nilipoona hivyo siku ya kwanza niliona haya kwa niaba ya nyumba.

Nilimwambia, "Bibi, hawa si mbuzi tuwafute kwa majani."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Binti wa pwani! Wewe umeona wapi mtu akimfuta mbuzi uso?"

Sikucheka. Nilitoa kitambaa chako, nikajaza bakuli maji safi, nikawaketisha watoto kwenye gogo lililo ukutani, nikaanza na aliye karibu na mlango mpaka mwisho wa gogo. Nachovya, nakamua, nafuta. Jioni nilikifua kwa sabuni na kukianika, kikawa cheupe kama mwanzo. Sista alipokiona kabla hajapanda milimani alisema nyumba sasa inanukia usafi. Mama, neno lile nililila kama chakula. Nililala nalo na kuamka nalo. Hata mama wa watoto walikisifu kitambaa, wakataka cha kwao, nami nikawakatia wale waliohudhuria mafundisho bila kukosa, kila mmoja kipande cha shuka la misheni lililochakaa. Niliwafundisha kuwafuta watoto wote wa nyumbani kama nifanyavyo mimi.

Watoto wawili tu walibaki kwa Kipesile. Mmoja alikuwa akipiga yowe kila akionyeshwa kitambaa, na mwingine ni ndugu yake asiyetaka kuachana naye. Niliona ni wasumbufu nikawaachia majani yao.

Kabla ya Kwaresima Lugano, mtoto anayekaa karibu na mlango, aliletwa na macho mekundu yenye tongo. Nilimfuta vizuri zaidi ya siku zote. Siku iliyofuata nilimfuta mara mbili. Baada ya siku chache aliyekaa karibu naye akaamka macho yamegandana, kisha wa tatu, kisha wa nne. Wa nne ni Subilaga. Nadhani nilikuandikia habari zake, yule mwenye miaka mitatu anayeniita juba, maana yake mama, ingawa mama yake yu hai na huja kumchukua kila mchana. Macho ya wengine yaliwasha, yakatoa uchafu, yakapona polepole. Jicho la kushoto la Subilaga lilivimba likafunga kabisa. Nililiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, asubuhi na jioni. Lilipofunguka nililitazama kwenye mwanga wa mlangoni nikaona chamba cheupe kimekaa juu ya mboni.

Nilipeleka barua milimani kwa Sista na nyingine bomani kuomba dawa. Njia zimejaa maji. Dawa ilifika baada ya chamba.

Sasa sikiliza kilichotokea katikati. Wanawake wa huku wana macho ya kuona, mama. Waliona haraka kwamba watoto wawili wa Kipesile hawakuugua hata siku moja. Huku husemwa mchawi huwa na chatu tumboni, na chatu huyo hutoka kwenda kula watoto wa watu, akawaacha anaowapenda mwenyewe. Kipesile ni mjane, hana mtoto, ana ng'ombe mmoja mwenye maziwa kupita ng'ombe wa jirani. Basi walikuwa wamekwisha hukumu.

Mmoja alinijia kisimani akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wale wawili wanalala kwapani mwake na macho yao yanang'aa. Unadhani ni nini?"

"Ni bahati," nikasema.

"Bahati yenye magamba," akasema, akajitwika mtungi wake.

Zamani Kipesile angenyweshwa mwavi, ile sumu ya kumpimia mchawi, mbele ya watu. Siku hizi serikali ya Wadachi imekataza, lakini haikukataza watu kuacha kukusalimu, wala kuongoza ng'ombe wao njia nyingine wakikuona. Mwanamke wa namna hiyo hufunga mkeka wake mwenyewe, akaenda kutafuta kijiji kitakachompokea. Na mjane mzee aliyeondoka kwa jina hilo hapokelewi.

Nilikasirika. Nilijiambia, mimi niliyesoma nitamtetea kwa hoja. Niliketi kwenye gogo la watoto wakiwa wamekwenda, nikauliza kama tulivyofundishwa shuleni, Kipesile anafanya nini kwa wale wawili ambacho mimi sifanyi kwa hawa? Chakula ni kimoja. Maji ni mamoja. Mkeka ni mmoja. Nikahesabu kwa kidole gogo lile, kutoka mlangoni: Lugano, wa pili, wa tatu, Subilaga. Ugonjwa ulikuwa umetembea juu ya gogo kwa mpangilio uleule uliotembea mkono wangu.

Mama, sikulia. Nilikitazama kitambaa kwenye kamba, kikipeperuka, cheupe, na uzi wako mwekundu. Nilihisi kama mtu aliyepika chakula kwa upendo akakuta wageni wamelala chini. Kesho yake nilikificha, nikawafuta watoto kwa majani kama Kipesile. Yeye alinitazama, akanisogezea majani yake. Watu walipouliza, nilisema kitambaa hakijakauka.

Siku tatu nilisema hivyo.

Nataka ujue siku hizo tatu zilikuwaje, maana ndizo zinazonisumbua kuliko kitambaa. Kitambaa kilikuwa ujinga. Siku tatu zilikuwa mimi mwenyewe. Nilijua kwamba vipande nilivyowagawia wanawake viko majumbani vinafuta macho ya watoto. Nilijua Kipesile hasalimiwi. Na bado nilikuwa najipangia maneno: nitamwambia Sista kwanza, nitangoja njia zikauke, nitabadilisha desturi kimyakimya na ugonjwa utakwisha wenyewe. Nilikwenda hata kwa mwalimu wa kanisa kumwomba shauri. Ni mtu mwema, si mtu wa hila.

Alisikiliza, akasema, "Dada, ukisimama ukasema hivyo, watasikia neno moja tu, kwamba misheni inapofusha watoto. Nyumba itabaki tupu. Na wale watatu wasio na mama utawapeleka wapi?"

"Na Kipesile?"

Akakuna kidevu. "Kipesile ni mzee."

Nilishukuru nikaondoka. Njiani niligundua kwamba nilikwenda kwake kwa sababu nilijua atasema hivyo.

Siku ya nne asubuhi nilimkuta Kipesile uani anafunga mkeka. Chungu chake kilikuwa kimefunikwa na kufungwa kamba tayari kubebwa.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Kwa dada yangu, Katumba, karibu na mto Songwe. Wewe baki na watoto. Usisahau kulipasha jani, likiwa bichi linawakwaruza."

Alijua, mama. Alikuwa amejua tangu siku nilipoficha kitambaa. Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia watu.

"Nani amsadiki mwenye chatu?" akasema, akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Jambo hili lina mwenyewe. Si mimi."

Nilimwomba angoje mpaka mafundisho yaishe. Akaketi juu ya mkeka wake uliofungwa.

Wanawake walipokusanyika kwenye ushoni nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakaniacha. Nilisema, "Ugonjwa wa macho niliueneza mimi kwa kitambaa changu. Kipesile hana kosa." Wakanitazama. Mmoja akasema, "Kitambaa? Kile cheupe vile?" Mwingine akasema mwalimu ana huruma, anamkinga bibi mzee. Wakaanza kutabasamu, kama watu wanavyomtabasamia mtoto anayesema uongo wa wema. Sikutazamia hilo. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, sikujiandaa kutosadikiwa.

Basi nikachukua chungu cha jikoni, nikapaka masizi kwenye kiganja cha aliyekaa mwanzo wa mstari. Nikachovya kitambaa chako katika bakuli, nikakikamua, nikamfuta. Kiganja kikatakata. Nikachovya tena, nikakamua tena, nikamfuta wa pili, ambaye mkono wake ulikuwa safi. Kisha wa tatu, wa nne, wa tano. Nikawaambia wainue mikono. Wa tano alikuwa na mstari wa kijivu kutoka kidoleni mpaka kwenye kifundo. Maji ya bakuli yalikuwa meusi.

Aliyekuwa wa tano aliugeuza mkono wake. "Mimi sikushika chungu," akasema.

"Hukushika," nikasema. "Na masizi unayaona kwa macho. Uchafu wa jicho huuoni."

Halafu mama mmoja akainuka bila kuaga akakimbia, tukamwona anavuka maji ya uani kuelekea kwake. Alikuwa mmoja wa wale niliowapa kipande. Wengine wanne wakamfuata. Yule aliyeniambia kisimani habari za magamba alibaki amekaa. Kisha akatoka nje, akasimama mbele ya Kipesile, akamsalimu kwa kumwinamia kama msichana anavyomwinamia mama mkwe. Kipesile akamwacha ainame muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Baadaye akaanza kufungua kamba ya chungu.

Nyumba haikubaki tupu, ila ilipungua. Watoto sita hawajarudi, na sijui kama watarudi. Sasa tunafanya hivi, na nakueleza kwa ajili ya wifi. Jani ni la mtoto mmoja, kisha linatupwa na kufukiwa. Mwenye macho mekundu au kikohozi au tumbo la kuhara anakaa katika kibanda cha pembeni na mtu wake mpaka apone, na mkeka wake unaanikwa peke yake juani, jua likipatikana. Hatutafuni tena chakula na kumtilia mtoto kinywani, ingawa hapo Kipesile alinung'unika siku mbili. Na hatuchovyi. Nilikwenda ufukweni siku Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, walipoleta mitumbwi yao ya vyungu, nikamwomba mfinyanzi mmoja anitengenezee chungu chenye tundu dogo karibu na kitako, la kuzibwa kwa kijiti, ili maji yatoke kama uzi mtoto anawe chini yake.

Alipiga makofi akawaita wenzake. "Njooni mwone mteja! Miaka yote nakesha nikiogopa chungu kisivuje, huyu anataka kinachovuja!"

"Na uniuzie kwa bei ya chungu kizima," nikasema.

"Utakijaza mchele kama vingine," akasema, maana kwao bei ya chungu ni mchele unaokijaza. "Lakini uzibe tundu kwanza, usije ukasema kilijaa njiani."

Wakacheka wote, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Kwaresima. Chungu kimefika. Watoto wanakipenda mno, kazi sasa ni kuwatoa hapo.

Nimebakiza habari moja, na ndiyo nzito. Mama yake Subilaga hakuwapo siku ile ya masizi. Alikuwa nyumbani na mtoto. Nilikwenda kwake mchana uleule nikamwambia mlangoni, nikiwa nimesimama mvuani kwa sababu hakunikaribisha ndani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga mlango. Hakuja siku hiyo wala wiki hiyo wala iliyofuata. Uvimbe wa jicho umekwisha na maumivu yamekwisha, lakini chamba hakitatoka. Upande wa kushoto Subilaga haoni.

Huku, mama, watu wana desturi ambayo kwanza niliidharau pamoja na majani. Mtu mwenye hasira na mwenzake hatakiwi kuificha, maana husema hasira iliyofichwa huwaua watoto. Anakuja kwa yule mwenzake, anaisema yote hadharani, na akishaisema anatia maji kinywani anayapuliza chini. Hapo imetoka. Asipoyapuliza, bado iko.

Jana alikuja. Watu walikuwapo. Alimweka Subilaga chini, akasimama mbele yangu akasema yote. Alisema kwamba alimzaa mtoto huyu baada ya kuzika wawili. Kwamba alinisadiki kwa sababu nguo zangu ni safi. Kwamba siku ya kuchumbiwa hawatauliza Subilaga anajua kulima au kupika, watasema, yule wa jicho moja. Kwamba kila asubuhi mtoto anageuza kichwa chote ili amwone, na kila akigeuza kichwa yeye ananikumbuka mimi. Hakupaza sauti. Sikujibu, maana mtu anayesemwa hajibu.

Alipomaliza, Kipesile alimletea maji katika kibuyu. Akakipokea. Akapiga funda moja akakaa nalo kinywani, akanitazama, na wote tulikuwa tunangoja. Kisha akameza.

"Leo bado," akasema.

Akamrudishia Kipesile kibuyu akaenda zake kwenye mafundisho. Mtoto alimwacha. Hakumkabidhi kwangu, alimwacha tu pale chini, katikati yetu, na Subilaga akageuza kichwa kutafuta ni nani aliye karibu.

Leo asubuhi alimleta tena. Nilimfuta kwa jani lake.

Nisalimie baba, mwambie avae viatu. Nisalimie wifi na wanangu wa kaka, mmoja mmoja kwa jina lake. Nisalimie shangazi aliyenilea nilipoachishwa ziwa, na mjomba mwashi, na mwalimu wangu wa kike kama bado yuko shuleni. Huyu msomeeni barua yote, maana alinipa sifa nyingi nilipoondoka na ni haki ajue. Kipesile anakusalimu. Anauliza mama wa binti wa pwani ni mtu wa namna gani. Nimemwambia utamjibu mwenyewe.

Usinifichie hali ya macho ya watoto wa huko.

Mimi mwanao, niliye chini ya miguu yako,

Rehema